Jina Lilelile, Mchezo Mwingine

Katika banda la gemu nililokulia hapa Mtwara, mtaa wa Chikongola, pedi ya pili ilikuwa imefutika kabisa alama ya mraba. Kitufe hicho ndicho cha kupigia shuti, na kwa miaka mingi kila aliyeishika pedi ile alitaka kumfikisha Adriano wa Inter Milan mbele ya goli, akibonyeze kwa nguvu zake zote. Mchezo ulikuwa PES 6, gemu la soka la kampuni ya Konami lililotoka mwaka 2006, na mashine ilikuwa PS2, yaani PlayStation 2. Mwenye banda, ambaye sote tulimwita Anko, alitoza kwa mechi, na aliyefungwa aliachia pedi.

Likizo ya Juni mwaka 2014 binamu yangu alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam, na siku hizohizo Anko alikuwa amepata diski ya PES 2014. Binamu alicheza dakika chache, akaiweka pedi chini, akasema kwa heshima zote, “Anko, hii siyo PES 2014.” Kwao alikuwa akiicheza kwenye PS3, mashine mpya kuliko yetu, na alitueleza jinsi wachezaji wanavyogeuka kwa uzito, wanavyosukumana kwa mabega, na jinsi mpira unavyoweza kumponyoka mtu mguuni. Wachezaji wetu walikimbia vilevile kama wa PES 6. Anko alimwonyesha kasha la diski lenye jina na mwaka. Mabishano hayakwisha hadi banda lilipofungwa, na baadaye sana niligundua kwamba wote wawili walisema kweli. Konami ilitoa michezo miwili kwa jina moja: ule wa PS3 ulijengwa juu ya injini mpya, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, iitwayo Fox Engine, ilhali ule wa PS2, mashine iliyozinduliwa mwaka 2000 na iliyokoma kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka 2013, uliendelea na misingi ya zamani.

Tangu nilipolifahamu jambo hilo sijaacha kufuatilia kwa nini toleo linalofuata la gemu huweza kutofautiana sana na lile la kwanza. Ninaamini kwamba jina la gemu ni mali ya kampuni, na mali hurithishwa, lakini gemu lenyewe ni kazi ya mikono ya watu fulani, kwenye mashine fulani, kwa wanunuzi wa wakati fulani. Watu wakihama, mashine ikibadilika au soko likawa la nchi nyingine, jina hubaki palepale likiwa limebeba kitu kingine.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni Super Mario Bros. 2, gemu la kampuni ya Kijapani ya Nintendo, kwa sababu unafanana na kazi inayofahamika sana kwetu kwenye korosho. Mkorosho uliochoka hukatwa, kisha machipukizi yanayotoka kwenye kisiki yakabebeshwa vikonyo vya mti bora, kama wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanavyofundisha. Shina linabaki la mti mmoja, na korosho utakazookota ni za mti mwingine.

Mwaka 1986 Nintendo ilitoa nchini Japani toleo la pili la Mario lililofanana sana na la kwanza, isipokuwa lilikuwa gumu mno: kulikuwa na uyoga wa sumu, na upepo uliomsukuma mchezaji akiwa hewani. Watu wa Nintendo huko Marekani waliona kwamba wanunuzi wao wangekata tamaa nalo. Mwaka uliofuata kulikuwa tayari na gemu lingine nchini Japani, Yume Kōjō: Doki Doki Panic, lililotengenezwa kwa ushirikiano na kituo cha televisheni cha Fuji, wahusika wake wakiwa familia iliyovaa mavazi ya Kiarabu. Nintendo ililichukua gemu hilo, ikawaondoa wahusika wanne wa familia ile, ikawaweka Mario, Luigi, Toad na binti mfalme, kisha mwaka 1988 ikaliuza Marekani kama Super Mario Bros. 2. Ndiyo maana mchezaji aliyezoea kumuua adui kwa kumrukia kichwani alijikuta anasimama juu ya adui huyohuyo bila kumdhuru, na silaha yake kubwa ikawa kung'oa mboga ardhini na kuzirusha. Shina lilikuwa Doki Doki Panic, na Mario alikuwa kikonyo.

Wapo wanaolidharau toleo hilo na kuliita la uongo, na mimi sikubaliani nao. Kubebesha huko kulishika: viumbe waliotoka kwenye lile shina, kama Shy Guy na Bob-omb, wamekuwa sehemu ya ulimwengu wa Mario hadi leo, na mwaka 1992 Wajapani wenyewe waliuziwa gemu hilo kwa jina la Super Mario USA.

Mara nyingine mabadiliko hutoka kwa watengenezaji wenyewe. The Legend of Zelda ya mwaka 1986, gemu jingine la Nintendo, ilichezwa kwa kutazama kutoka juu, lakini toleo la pili, lililofuata mwaka mmoja tu baadaye, lilionyesha mapambano kwa ubavu na kumtaka mchezaji akusanye pointi za uzoefu. Kwa Resident Evil, gemu la kutisha la kampuni ya Capcom, ilichukua muda mrefu zaidi. Toleo la kwanza la mwaka 1996 lilikuwa na kamera iliyotulia pembeni mwa chumba, kiasi kwamba ulisikia adui kabla ya kumwona. Capcom ilipoanza kazi ya toleo la nne, jaribio la mwanzo lilikwenda mbali na mwenendo wa Resident Evil hadi likageuzwa gemu tofauti kabisa, Devil May Cry, lililotoka mwaka 2001. Majaribio mengine nayo yaliachwa njiani, na mwaka 2005 Shinji Mikami na wenzake walitoa toleo la nne lenye kamera nyuma ya bega la mhusika. Hofu ya gizani ilipungua na mapambano yakaongezeka. Mimi nililipenda sana, ila ninamwelewa kabisa anayesema kwamba hakupewa kile alichokuwa akikisubiri.

Kwa GTA, gemu la magari na uhalifu mjini, sababu ilikuwa mashine zaidi: matoleo ya 1997 na 1999 yalionyesha magari kutoka juu kama anavyoyaona ndege, na PS2 ndiyo iliyowezesha toleo la tatu, mwaka 2001, kumshusha mchezaji barabarani.

PES yenyewe ilifika mwisho wake mwaka 2021. Konami ilileta eFootball, gemu lisilolipiwa kulipakua, lililojengwa juu ya injini nyingine na kukusudiwa kuunganisha mashine za nyumbani na simu. Lilipotoka, Septemba 30, wapenzi wa gemu walilalamikia sura za wanasoka waliomo na mienendo yao, na siku iliyofuata kampuni iliomba radhi hadharani. Hapo injini, namna ya kuuza na hata jina vilibadilika kwa mara moja, na nadhani ndiyo sababu wapenzi wa PES waliumia kuliko wapenzi wa gemu lolote nililolitaja.

Upande wa pili wa uwanja mambo yalikwenda kinyume chake. Baada ya EA, kampuni iliyotengeneza gemu la soka la FIFA, kuachana na shirikisho la soka la dunia lenye jina hilo, FIFA 23 likawa toleo la mwisho kwa jina hilo, na mwaka 2023 likafuata EA Sports FC 24, ambalo aliyezoea lile la awali hulishika na kuendelea kucheza bila kufundishwa. Nilipita kwa Anko wiki iliyopita. Ana mashine mpya, na ubao wa bei ulioandikwa kwa chaki mlangoni bado unasomeka FIFA. Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake aliniuliza, “Kaka, unacheza FIFA?” Nikakaa, nikapokea pedi. Mraba wake bado ulikuwa unaonekana vizuri.