Boti ya jioni Toronto: dola 60 inayogeuka 80

Ndugu zangu wa Moshi mnaokuja huku kiangazi, bei ya kwenye tangazo la boti siyo mtakayolipa. Naandika risiti ikiwa mezani, kwa hiyo mnivumilie.

Chukua hizi boti za chakula cha jioni zinazozunguka bandari ya Toronto, Ziwa Ontario. Tuseme tangazo linasema dola 60 za Kanada. Inaongezwa ada ya huduma ya lazima, mara nyingi asilimia 18, inakuwa 70.80. Juu yake inapigwa kodi ya mauzo ya Ontario, asilimia 13, na ile ada nayo haisalimiki. Jumla dola 80, na hujanywa hata soda. Nyumbani VAT tunailalamikia, lakini angalau imo humo humo kwenye bei. Ukiagiza bia, mashine ya kadi inaletwa na vitufe vya tipu ya asilimia 18, 20, 22, mhudumu kasimama anakitazama kidole chako. Mtu wa Moshi hafundishwi tipu, ndiyo inayomlisha mgumu, yule mbeba mizigo wa Kilimanjaro, akishuka geti la Mweka. Ila mgumu kabeba mzigo wako siku sita, na anapewa kazi ikiisha. Huku unakatwa kabla kamba haijafunguliwa. Soma risiti, kama ada ya huduma imo, bonyeza hakuna tipu, na usione haya.

Usizidishe kwa shilingi, utaumwa kichwa bure. Zidisha kwa saa za kazi: kima cha chini Ontario ni dola 17 na ushee kwa saa, kwa hiyo hiyo boti ni zaidi ya saa nne za kusimama ghala la watu, makato hayajaguswa.

Badala yake panda kivuko cha jiji kinachokwenda visiwa vya Toronto. Shuka stesheni ya Union, tembea kusini kama robo saa hadi mwisho wa Bay Street, kwenye gati ya Jack Layton. Nauli ni karibu dola 10, kwenda na kurudi. Unalipa upande wa mjini tu, kurudi hakuna anayekuuliza tiketi. Wikiendi ya Julai nunua tiketi mtandaoni, foleni inachosha. Achana na cha Centre Island, kinajaa vigari vya watoto. Chukua cha Ward's Island.

Mwishoni mwa Juni jua linazama saa 3 usiku, kwa hiyo ondoka mjini saa 1 na nusu. Ukisimama gati ya Ward's wakati huo wa mwaka, jua linashukia nyuma ya majengo, karibu kabisa na mnara wa CN wenye mita 553. Subiri taa ziwake, halafu rudi umesimama mbele ya kivuko. Angalia ratiba ya cha mwisho: kikikuacha, kuna teksi za majini, nazo hazina huruma.

Koti ni lazima hata Julai. Upepo wa magharibi ukivuma siku mbili tatu unayasukuma maji ya moto ya juu yaondoke ufukweni, ya chini yanapanda, na hewa yote inapoa. Lile sweta la mtumba la soko la Memorial litakuwa limerudi kwao.

Picha ukizituma kwenye grupu la ukoo, andika kabisa kwamba ni kivuko cha umma. Maji mbele na maghorofa nyuma, kwa shangazi wa Kibosho maana yake ada za shule za Januari zimeshapatikana.