Sekunde 14 za Jack Swigert

Leo fundi saa wa mtaani kwetu, huku akisafisha saa ya kutia ufunguo, kanisimulia habari ya Apollo 13, safari ya Wamarekani kwenda mwezini. Nimefika nyumbani nikaisoma yote, na bado moyo unanidunda.

Aprili 1970. Tangi la oksijeni limelipuka, wanaanga watatu wako zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani. Karibu kila kitu kimezimwa ili umeme usiwaishie njiani.

Chombo kinakengeuka. Lazima wawashe injini kukirudisha kwenye njia.

Kwa sekunde 14 tu.

James Lovell na Fred Haise wanashika usukani. Swigert anahesabu muda, macho kwenye Omega Speedmaster yake ya mkononi.

Hapo ndipo niliponasa.

NASA, shirika la anga la Marekani, waliipitisha saa ile mwaka 1965, baada ya kuitesa kwa joto, baridi, mitikisiko na ombwe. Lakini mimi namuwaza yule mtu. Baridi kali, usingizi hakuna, anautazama mshale mwembamba ukitembea. Saa yenyewe haina betri ndani. Ni springi na magurudumu madogo ya meno, basi.

Sijui kama alipumua.

Walirudi salama wote watatu.

Jamani, nani ana kisa kingine cha saa za wanaanga? Ninacho cha Dave Scott wa Apollo 15: mwaka 1971 kioo cha Omega yake kilichomoka huko huko mwezini, akavaa Bulova aliyokwenda nayo. Leteni vyenu, usiku huu silali mapema.