Titresheni ya wanafunzi 48 kwa bureti 16

Darasa langu la kemia la kidato cha tano, PCM (fizikia, kemia, hisabati) na PCB (fizikia, kemia, biolojia) kwa pamoja, lina wanafunzi 48. Titresheni ni kudondosha asidi kwenye besi mpaka rangi ibadilike, na asidi iliyotumika husomwa kwenye bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki chini. Bureti nzima zipo 16. Nawagawa zamu tatu kwa siku tatu, kila mmoja na bureti yake. Wawili wakishirikiana, mmoja hushika koki na mwenzake anaandika tu, na kwenye mtihani kila mtu husimama peke yake.

Ubaya wa zamu ni kwamba jibu la Jumatatu hulala bwenini, Jumanne kila mtu analo. Kwa hiyo asidi (ya hidrokloriki) natengeneza moja kwa zamu zote, lakini sodiamu kaboneti kavu, ambayo ndiyo besi yetu, naipima tofauti: gramu 4.8 kwa lita zamu ya kwanza, 5.3 ya pili, 5.8 ya tatu. Kwa pipeti (mrija wa kuchotea besi) ya 25 cm³ na asidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), usomaji sahihi wa bureti ni takriban 22.6, 25.0 na 27.4 cm³. Anayeleta 22.6 siku ya pili najua ameitoa wapi.

Kwa majaribio manne (la kukadiria na matatu ya uhakika), kusuuza na kumwaga kidogo, kila mwanafunzi natengea 150 cm³ za kila kimiminika. Asidi ni lita 7.2 kwa wote, natengeneza 10. Besi ni lita 2.4 kwa zamu. Natengeneza 3, yaani gramu 14.4, 15.9 na 17.4.

Maji huangaliwa kabla ya yote. Ya kisima mara nyingi yana bikaboneti, ambayo hula asidi kwenye ndoo na papo hapo huongeza nguvu ya besi, hivyo usomaji unapotoka kutoka pande mbili. Nachukua 25 cm³ za maji, matone mawili ya methili oranji (kiashiria, kinachobadili rangi besi inapoisha), kisha nadondosha asidi ya 0.1 M. Tone moja au mawili yakibadili rangi, maji yanafaa. Yakihitajika matone kumi na zaidi, natumia ya mvua niliyokinga baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo.

Asidi ya hidrokloriki kali ya 36%, yenye densiti 1.18, ni takriban 11.6 M, kwa hiyo lita 10 za 0.1 M zinataka 86 cm³. Ndoo iwe ya plastiki, na alama zake za kiwandani usiziamini: pima lita moja moja kwa chupa ya ujazo mara kumi, kisha chora mstari wako. Natia lita tano za maji kwanza, asidi naimimina taratibu karibu na dirisha, miwani na glavu zikiwa zimevaliwa, halafu najaza hadi kwenye mstari. Usimimine maji juu ya asidi kali. Huchemka na kuruka usoni. Koroga kwa dakika tano kamili, kwa sababu asidi nzito hukaa chini na wa mwisho kuchota watapata kitu kingine kabisa. Napima sampuli ya juu na ya chini; zikitofautiana kwa zaidi ya 0.1 cm³, nakoroga tena.

Chupa ya asidi iliyofunguliwa siku nyingi huwa imepoteza gesi. Nikipata 26.3 badala ya 25.0 kwa besi ya 5.3, asidi yangu ni 0.095 M, na ndoo ya lita 10 inahitaji kama 4 cm³ nyingine za asidi kali. Hesabu hii naifanya jioni iliyotangulia, si wanafunzi wakiwa mezani.

Kaboneti nayo ina hila yake. Ile ya fuwele ina maji mengi ndani: gramu 5.3 zake kwa lita hutoa usomaji wa karibu 9.3. Naikausha kwenye bakuli la kauri juu ya moto, nikikoroga, mpaka ipimwe mara mbili na uzito usibadilike.

Mezani, makosa yanajitaja yenyewe. Usomaji wa nusu, 12.5 badala ya 25, maana yake mwanafunzi ametumia kiashiria kingine, fenolftalini, ambayo hupoteza rangi kaboneti inapofika bikaboneti tu. Jaribio la kwanza likizidi mengine kwa karibu 1 cm³, mara nyingi kulikuwa na kiputo cha hewa chini ya koki. Yakiyumba juu na chini, angalia faneli iliyosahauliwa juu ya bureti inadondosha. Yakiwa makubwa yote, pengine chupa koni imesuuzwa kwa besi badala ya maji matupu, au pipeti imepulizwa ili tone la mwisho litoke. Tone hilo halimo katika 25 cm³, liache. Na kiashiria ni matone mawili. Wanaomwaga kama chai wanapata mpaka wa rangi usioeleweka.

Rosela nimeijaribu kama kiashiria. Ni nzuri kuwaonyesha kidato cha kwanza, lakini kwa kaboneti rangi yake hugeuka polepole mno.

Zamu ikiisha, bureti husuuzwa kwa maji mara mbili na kugeuzwa kichwa chini, koki wazi. Zilizowahi kushika sodiamu haidroksaidi nazisuuza kwanza: ikilala humo usiku, koki ya kioo huganda, na ukiilazimisha inakatika.