Furaha Mwanzoni mwa Njia

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Zaburi ya 19, mstari wa 5, inalifananisha jua na bwana arusi anayetoka chumbani mwake, kisha na mtu hodari anayefurahia kwenda mbio katika njia yake. Nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kuona kwamba furaha imetajwa mwanzoni mwa njia. Jua ndiyo kwanza linachomoza, safari yote bado iko mbele, nalo limeshafurahi.

Mimi furaha yangu niliiweka mwishoni. Kwa miaka 3 nilitamani kukimbia kilomita 10 chini ya saa moja, yaani kila kilomita isifike dakika 6. Macho hayakubanduka kwenye saa. Siku moja nikamaliza kwa saa moja na sekunde 40. Mke wangu alikuwa amesimama pale mwisho, ameshika chupa ya maji, anatabasamu. Nikampita kama simwoni. Hilo bado linaniuma. Zile sekunde nilishazisahau.

Baadaye goti likaanza kuuma. Daktari aliniruhusu kurudi kwa sharti moja: nikimbie mwendo ambao naweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Nikaona ni adhabu. Lakini alfajiri, uko peke yako na ulimi uko huru, utazungumza na nani? Nikaanza kuomba kwa sauti. Niliwataja wanangu mmoja mmoja, nikamtaja jirani aliyelazwa, nikaimba ubeti, nikanyamaza, nikaimba tena. Njia ileile niliyoipita miaka 3 nikihema tu!

Kuna atakayeuliza: mbona Paulo aliandika tupige mbio ili tupate tuzo? Ni kweli, tena aliwaandikia Wakorintho, watu walioishi karibu na michezo ya Isthmia, mashindano ya Wagiriki wa kale yaliyofanyika kila baada ya miaka 2. Ila wanariadha wale hakuna aliyewahesabia sekunde. Paulo aliona kwao kujizuia katika yote kwa ajili ya taji iharibikayo, akatuelekeza kwenye isiyoharibika. Kujizuia huko nakuhitaji bado. Naamka saa kumi na moja, mvua iwepo isiwepo.

Jumamosi iliyopita mke wangu alitoka nami kwa mara ya kwanza. Kwenye mlima alichoka, tukatembea tukishikana mikono. Jua lilichomoza tukiwa bado hatujafika juu, tukasimama kulitazama.