Kiungo kisichosemwa: jinsi ya kukamata kosa la mantiki katikati ya mabishano

Wengi wanaoanza kujifunza makosa ya mantiki, yaani namna ambazo sababu hushindwa kulibeba dai, huanza na orodha ya majina, na hapo ndipo wanapopotea. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliorodhesha aina 13: 6 zinazotokana na lugha yenyewe na 7 zilizo nje ya lugha. Waliomfuata wameongeza nyingine nyingi. Unaweza kuzikariri zote na bado ukapitwa na kosa lililo mbele ya macho yako, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku kosa mara nyingi halimo katika yale yaliyosemwa. Limo katika yale ambayo hayakusemwa.

Kila hoja ina dai, yaani kile unachotakiwa ukubali; ina sababu, yaani kile unachopewa; halafu ina kiungo, kanuni inayofanya sababu ile iweze kulibeba dai lile. Dai na sababu husemwa waziwazi. Kiungo huachwa, kwa kuwa msemaji anaona kinajulikana, au hajawahi kukitazama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukitoa hadharani. Andika dai kwa sentensi moja. Chini yake andika sababu. Kisha jaza pengo: “Sababu hii inatosha, kwa kuwa kila mara…” Jaza kwa upana ule tu ambao hoja inauhitaji, usizidishe. Ukishamaliza, soma kwa sauti. Ajabu ni kwamba viungo vingi vibovu huanguka papo hapo vinaposomwa.

Chukua hoja hii: “Dawa hii inatibu mafua. Nilianza kuinywa siku ya tatu, kufika siku ya saba nilikuwa mzima.” Ukijaza pengo unapata: kila mara kitu kinapofuata kingine, kile kilichotangulia ndicho kilichosababisha kilichofuata. Sasa tengeneza hoja pacha, yenye umbo lilelile na maudhui mengine: “Nilibadilisha shuka siku ya tatu, kufika siku ya saba nilikuwa mzima.” Hakuna atakayekubali kwamba shuka zimetibu mafua, na tofauti kati ya hoja hizi mbili haiko kwenye ushahidi uliotolewa. Ushahidi ni uleule.

Kinachofanya kosa hili liwe gumu kuonekana ni namna ugonjwa wenyewe unavyokwenda. Mafua ya kawaida hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Mtu hutafuta dawa anapozidiwa, yaani kwenye kilele. Chochote atakachoanza kukitumia hapo kitafuatwa na nafuu. Ili dai lisimame unahitaji watu wengine, waliougua mafua yaleyale bila kunywa dawa ile, na ujue walipona siku ya ngapi.

Jambo hilohilo linatokea darasani. Mwanafunzi aliyepata alama mbaya kuliko kawaida yake hufokewa, na mtihani unaofuata anapanda. Aliyepata alama nzuri kuliko kawaida yake husifiwa, na mtihani unaofuata anashuka. Mwalimu anahitimisha kwamba ukali unajenga na sifa zinaharibu. Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza, alilichambua tukio la aina hii mwaka 1886 kwa vipimo vya urefu: wazazi warefu sana huwa na watoto warefu, ila kwa wastani walio karibu zaidi na urefu wa kawaida, na wafupi sana vivyo hivyo kwa upande wao. Matokeo ya kupindukia, ambayo kwa sehemu yameletwa na bahati, kwa kawaida hufuatwa na matokeo ya wastani zaidi, ufoke usifoke. Kwangu mimi hili ndilo kosa lenye madhara makubwa kuliko yote, maana linamfanya mtu mwenye nia njema aamini kwamba uzoefu wake mwenyewe umethibitisha ukali.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna jambo jingine la kuangalia: methali. Methali ni kiungo kilichokwisha kutengenezwa. Mtu akiitamka, waliopo wanatikisa kichwa na mjadala unafungwa. Mfanyakazi mmoja ameiba, mtu anasema “samaki mmoja akioza, wote wameoza,” na idara nzima imehukumiwa kwa mfano mmoja. Pendekezo limetoka kwa mtu asiyependwa, tunaambiwa “mtoto wa nyoka ni nyoka,” na hakuna anayelisoma pendekezo lenyewe. Ninayoiogopa zaidi ni “lisemwalo lipo, kama halipo laja.” Itazame kwa makini: uvumi ni kweli leo, na kama si kweli leo utakuwa kweli siku isiyotajwa. Hakuna tukio lolote duniani linaloweza kuukanusha.

Kuna njia rahisi ya kuipima methali inapotumika kama ushahidi: tafuta inayopingana nayo. “Haraka haraka haina baraka,” lakini “chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.” Zote mbili zina hekima kwa wakati wake, na ndiyo maana hakuna hata moja inayothibitisha kwamba uamuzi ulio mezani uharakishwe au usubiri. Anayetumia methali bado anadaiwa sababu ya kuonyesha kwamba jambo hili ni la aina ile.

Kumlisha mtu maneno ni kosa jepesi kutambua, kwani lina mlango wake: “Yaani unasema…” au “Kwa hiyo unataka…” Mmoja anasema, “Tupunguze muda wa watoto kwenye simu.” Anajibiwa, “Kwa hiyo unataka wabaki nyuma kiteknolojia?” Kupunguza kumegeuzwa kuwa kukataza, kisha kukataza ndiko kunakopigwa. Usianze kujitetea dhidi ya lile ambalo hukulisema. Ukijitetea umelichukua liwe lako. Rudia dai lako kwa kipimo chake: “Nimesema kupunguza, kutoka saa nne kwa siku hadi mbili. Kuna tatizo gani na saa mbili?” Na ukiwa wewe ndiye unayejibu, lirudie dai la mwenzako mpaka yeye mwenyewe aseme “ndiyo, hivyo hasa,” ndipo upinge.

Kumshambulia mtu badala ya hoja kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu si kila kumtaja mtu ni kosa. Shahidi anapotaka tumwamini kwa neno lake tu, uaminifu wake ni sehemu ya ushahidi na tuna haki ya kuuhoji. Anapoleta takwimu zinazoweza kukaguliwa, tabia yake haiongezi wala haipunguzi kitu. Mfano mzuri ni Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa wa karne ya 20, aliyepinga hitimisho kwamba sigara husababisha saratani ya mapafu. Alikuwa mvutaji na mshauri wa makampuni ya tumbaku. Hayo yanatosha kukufanya ukague kazi yake mara mbili, lakini hayamkanushi. Kanuni aliyoishika ilikuwa sahihi: vitu viwili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kinasababisha kingine. Kilichomshinda ni ushahidi. Watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari zaidi ya 40,000 wa Uingereza, na walioacha sigara walionekana kuwa na hatari ndogo ya saratani ya mapafu kuliko walioendelea kuvuta.

Kisa hicho kinaonyesha pia mtego wa anayejua mantiki: Fisher aliona udhaifu wa sababu, akalikataa dai ambalo lilikuwa kweli. Hoja mbovu haithibitishi kwamba dai ni la uongo. Mtu anaweza kutetea ukweli kwa sababu ya hovyo, na wanaofanya hivyo ni wengi. Ukigundua kosa, ulichopata haki ya kusema ni kwamba sababu hii haitoshi. Dai lenyewe bado liko wazi.

Ndiyo maana sikushauri umtupie mwenzako jina la kosa. Jina humfanya ajitetee, na mazungumzo yanahama kutoka kwenye jambo kwenda kwenye nani msomi. Muulize swali linalogusa kiungo: “Waliopona bila dawa tuwaweke wapi?” “Tukio gani lingetuonyesha kwamba uvumi huu si kweli?” Kisha nyamaza umwache afikiri. Mara nyingi atakuja na sababu ya pili, bora kuliko ile ya kwanza, na hapo unaanza upya: dai, sababu, pengo.