Chama cha wafanyakazi kinakaa kwenye slipu ya mshahara, sisi hatuna slipu

Kila ikikaribia Mei Mosi naonaga fulana na kofia zinagawiwa, watu wanapanda malori na mabango yao, halafu wale wanaofanya kazi ngumu kabisa huku Nyanda za Juu Kusini siku hiyo wako shambani au wako getini wanasubiri kuitwa. Sherehe za kitaifa zilishafanyika kwetu miaka miwili mfululizo, 2018 Iringa na 2019 Mbeya, na sidhani kama kuna kibarua hata mmoja wa chai alipewa ruhusa ya kwenda na hela yake ya siku ikabaki palepale.

Mimi nafanya kazi ya kufungasha parachichi za kwenda nje, kiwanda sikitaji. Msimu ukianza, saa kumi na mbili asubuhi mko getini na baridi hii ya kwetu, msimamizi anatoka na daftari anaita majina, aliyeitwa anaingia, aliyebaki anarudi zake nyumbani. Ndani unasimama kwenye mkanda unachambua, lenye kovu huku, dogo huku, zuri linaingia kwenye boksi la kilo 4. Sheria inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zikizidi ulipwe mara moja na nusu, ila sisi saa zetu zinahesabiwa na kontena, likijaa ndo siku imeisha. Jumamosi hela inaingia kwenye simu, bila maelezo, overtaimu imo au haimo utajua mwenyewe.

Mama mdogo wangu yeye alichuma chai Mufindi enzi za kikapu mgongoni. Alikuwa na nyumba ya kambi, slipu kila mwezi, na kwenye slipu kuna mstari wa makato ya chama ambao aliulalamikia miaka yote, hela yangu wanakula hao. Lakini huyohuyo ndo ananisimulia kuna karani wa mzani alikuwa anakata kilo za maji kwenye majani hata siku ya jua kali, yaani umeleta kilo zako unaandikiwa pungufu, mpaka mjumbe wa chama alipokuja akasimama pale kwenye mzani akauliza leo mvua imenyesha saa ngapi? Kilo zikarudishwa. Baadaye ikaja mikasi ya kuchumia, zikaja mashine, wachumaji wakapungua, na wengi wa waliobaki ni wa msimu kama mimi.

Wazee wanasema vyama viliharibika zamani, na wana hoja. TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa 1955, Kawawa akiwa katibu mkuu wake, ilikuwa na meno, lakini 1964 baada ya maasi ya jeshi ikafutwa ikaletwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, na katibu mkuu wake akawa Kamaliza ambaye alikuwa ni Waziri wa Kazi huyohuyo! Sasa unamgomea nani? Ikaja JUWATA 1978, ikaja OTTU 1991, leo shirikisho la vyama ni TUCTA.

Ila mimi naona shida ya leo iko kwenye makato. Ukishasaini ile fomu ya TUF 6 ya kuruhusu makato, mwajiri anakukata ada anapeleka chama, na chama kikiwa na watu wengi hapo kazini kikakubaliana na mwajiri, hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala, kwa kuwa chama kinamsemea na yeye. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Lakini kiongozi anayeingiziwa hela kila mwisho wa mwezi bila kuonana na mtu, atoke ofisini aje getini kwetu kufanya nini? Chama kinawafuata wenye slipu, na wenye slipu huku kwetu wanazidi kupungua. Ndo maana mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kikafika 370,000 na amri ya mishahara ya sekta binafsi ya mwaka huohuo ikaweka kilimo 140,000. Sina kinyongo na walimu na watumishi wengine wa serikali, walipaza sauti wakasikika.

Mtu ataniambia anzisheni cha kwenu, sheria ya ajira ya 2004 inataka wafanyakazi 20 tu. Kweli kabisa, na 20 wapo hata kwenye mkanda mmoja. Tatizo msimamizi hahitaji kukufukuza, anaruka jina lako tu asubuhi. Na ukikimbilia CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika umeachishwa kinyume cha sheria, ulinzi huo haumgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na sisi wengine msimu hata haufiki huko.

Wanaoniwazisha mimi ni bodaboda wa Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya mjini. Hawana mwajiri wa kuwakata, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiwe anapita mwenyewe kwa kila mtu, anajua nani kafiwa, nani pikipiki yake imekamatwa, asipopita hela hakuna na uenyekiti hakuna.

Na sisi tumeanza hivyohivyo, buku kila Jumamosi, anakusanya dada mmoja wa kwenye mkanda ambaye hata msimamizi anamuogopa. Juzi msimamizi kauliza hiyo hela ya nini, tukamwambia ya misiba. Na ni kweli, imeshazika mtu. Imenunua na daftari la kuandika kila mtu kaingia saa ngapi na katoka saa ngapi, hiyo hatujamwambia.