Anayeishtaki Serikali ya Ufaransa Huenda Mahakama Gani?

Hapa Kisumu, mtu anayedaiana na mfanyabiashara mwenzake na mwananchi anayepinga uamuzi wa serikali ya kaunti wanaweza kujikuta katika Mahakama Kuu ile ile, mbele ya jaji mmoja. Ufaransa haiko hivyo, na kwa maoni yangu asiyeelewa sababu yake hawezi kuuelewa mfumo wa mahakama wa nchi hiyo.

Wafaransa wana safu mbili za mahakama, na hakuna iliyo chini ya nyingine. Ya kwanza husikiliza kesi za madai baina ya watu pamoja na kesi za jinai, na juu yake kabisa ipo Cour de cassation, ambayo haipimi ushahidi upya bali huangalia tu kama sheria ilifuatwa. Ya pili huamua kesi dhidi ya serikali, chini ya Conseil d'État, chombo kilichoundwa mwaka 1799 ambacho pia huishauri serikali hiyo hiyo kuhusu miswada.

Chanzo cha mgawanyiko huu ni hofu. Wanamapinduzi wa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 walikumbuka jinsi majaji wa enzi za wafalme walivyokwamisha mageuzi, na kwa sheria ya Agosti 1790 wakawapiga majaji marufuku kuingilia kazi za utawala.

Kesi iliyoweka mpaka huo wazi ilianzia Bordeaux, ambako mtoto Agnès Blanco aligongwa na kigari cha kiwanda cha tumbaku cha serikali, na babake akadai fidia katika mahakama ya kawaida, yaani ya safu ya kwanza. Februari 1873, Tribunal des conflits, inayotatua mvutano baina ya safu hizo mbili, iligawanyika nusu kwa nusu, ndipo Waziri wa Sheria, aliyekuwa mwenyekiti wake, akapiga kura ya kuamua: mahakama ya kawaida haina mamlaka juu ya dai hilo. Jambo hili linanikera kwa dhati, kwamba waziri ndiye aliyeamua nani aihukumu serikali yake, na kiti hicho waziri hakukiacha hadi mwaka 2015.

Hata hivyo, haki inanidai niseme kwamba Conseil d'État haikubaki mtumishi wa watawala. Oktoba 1962 ilibatilisha amri ya Rais Charles de Gaulle iliyounda mahakama ya kijeshi isiyokuwa na rufaa, kufuatia ombi la André Canal na wenzake, naye Canal alikuwa tayari amehukumiwa kifo na mahakama hiyo.